CHUPA KUUKUU SI TAKATAKA
Na Mwanafunzi wa Kidato cha 3

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini tukifika mtaani tunaitupa jaani pamoja na vitu vyetu vya kale. Leo nataka kukitetea kitu kisicho na mtetezi: chupa kuukuu ya soda. Maoni yangu ni kwamba chupa ya zamani ni hati ya historia. Anayeivunja au kuiuza kabla ya kuisoma amechoma kitabu kisicho na nakala.

Najua wapo watakaocheka. Wapo wanaoniita Chokora kwa sababu nina chupa 17 chini ya kitanda changu. Sawa, nicheki tu, lakini nisikilizeni kwanza.

Je, chupa husomwaje? Shika chupa yoyote uitazame ubavuni. Utaona mstari mwembamba uliosimama wima. Huo ni mshono, yaani alama ya pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ufuate kwa kidole kuelekea juu. Ukipotea shingoni kabla ya kufika mdomoni, yamkini mdomo huo ulimaliziwa kwa mkono wa fundi. Ukipanda hadi ukingo wa mdomo, hiyo ni kazi ya mashine. Mashine ya kwanza iliyotengeneza chupa bila kutegemea pumzi wala mkono wa fundi ilibuniwa na Michael Owens huko Toledo, Marekani, mwaka 1903. Basi mtu akikuletea chupa ya soda yenye mshono hadi juu, kisha aape kwamba ni ya mwaka 1880, mwambie akaape kwingine!

Sasa tazama mdomo. Kile kifuniko cha bati chenye meno tunachokibandua kila siku kilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1892. Mwenyewe alikuwa William Painter wa Baltimore, Marekani. Kwa hivyo chupa iliyoundwa kwa kifuniko hicho haiwezi kuutangulia mwaka huo.

Lakini soda ilinywewa kabla ya hapo. Ilizibwa na nini? Hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa iliyozibwa kwa gololi ya kioo. Ndiyo, gololi, au bano kama tunavyoziita vijana! Gololi ilikaa ndani ya shingo, na mdomoni mlikuwa na pete ya mpira. Gesi ya soda yenyewe iliisukuma gololi juu ikabana kwenye pete. Mnywaji aliisukuma chini, soda ikafoka, na shingo iliyobinywa ikaizuia gololi isirudi kuziba wakati wa kumimina. Watoto wa Uingereza walizivunja chupa hizo ili wapate gololi za kuchezea. Ndiyo sababu mojawapo ya nzima kuwa adimu leo. Kumbe watoto ni wale wale kila mahali!

Hata hivyo, tujihadhari. Alama hizi hutuambia chupa si ya kabla ya mwaka fulani. Hazituambii kwamba si ya baadaye. Chupa za gololi zinatumika hadi leo kule Japani, na huko India pia zinajulikana hadi sasa. Kuona gololi tu na kupiga kelele, "Hii ni ya karne ya 19!" ni pupa. Hata maandishi ya kioo hupotosha. Ziko chupa za Coca-Cola zilizoandikwa tarehe ya Novemba 16, 1915. Hiyo ni tarehe ya hataza ya umbo lile lenye kiuno, na chupa ziliendelea kutolewa zikiwa na tarehe hiyo hiyo kwa miaka kadhaa. Anayedhani kila moja ilitengenezwa siku ile ni sawa na anayedhani kila shati lenye nambari 10 limevaliwa na mchezaji mmoja.

Mbona basi nasema jambo hili lina uzito? Muhula uliopita duka moja la kale mtaani kwetu lilibomolewa. Nyuma yake palikuwa na shimo la taka lililojaa chupa. Kufikia siku ya pili, nyingi zilikuwa zimepondwa na vigae kupandwa juu ya ukuta wa jirani ili kuwazuia wezi. Zilizosalia zilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma na chupa. Mimi niliambulia 3 pekee, moja ikiwa kipande cha shingo iliyobinywa. Hakuna aliyeandika zilitoka kina gani wala zilikaa pamoja na nini.

Wako wanaonipinga wakisema, "Hizo ni chupa za Wazungu, zinatuhusu nini?" La hasha! Chupa ina maisha mawili. Maisha ya kwanza yamo kwenye kioo: nani alibuni, mashine gani, mwaka gani. Hayo yameandikwa vitabuni ng'ambo. Maisha ya pili ni yetu. Mzee mmoja aliyefanya kazi katika duka lile aliniambia kwamba mafuta ya taa na maziwa yalipimwa kwa chupa ya soda. Mteja alikuja na yake, nayo iliweza kukaa katika familia moja miaka na mikaka. Nyingine zilitiwa asali, nyingine samli, nyingine utambi zikawa taa. Ni kitabu gani kimeandika hayo? Tukivunja chupa na mzee naye akatutoka, maisha hayo ya pili yamezikwa mara mbili.

Wengine huuliza, "Hii itaniongezea alama gani katika mtihani?" Nami nawauliza: tangu Kidato cha 1 tumefundishwa kuwa vyanzo vya historia ni masimulizi, maandishi na mabaki ya kale. Chupa moja inavyo vyote vitatu! Isitoshe, sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Chupa ya gololi yaweza kuangukia upande wowote wa mwaka huo. Kwa hivyo kukadiria umri si mchezo wa watoto, na si kila kitu cha kale ni cha kuuziwa mpita njia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, chama chetu kiombe rafu moja tu katika maktaba. Pili, pawe na daftari. Kila chupa iandikiwe mahali ilipookotwa, vitu vilivyokuwa nayo, alama zake zote kuanzia kitako hadi mdomo, na maneno ya mzee anayeikumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tatu, tusiokote kama wendawazimu. Tusichimbe mahali pa kale wala makaburini. Tuvae viatu, maana kioo hakimjui msomi. Tena tusisugue chupa kwa mchanga, tutafuta maandishi tunayoyatafuta.

Sisi wa shule ya kutwa huonewa huruma kwamba hatuna mabweni. Katika jambo hili, jamani, sisi ndio matajiri! Kila jioni tunarudi mitaani kwa njia tofauti, tunapita kwenye majumba yanayobomolewa na mitaro inayochimbwa, kisha tunakula chakula cha jioni pamoja na babu na nyanya zetu. Mwanafunzi wa bweni hana bahati hiyo.

Hebu leo ukifika nyumbani, tazama nyuma ya jiko au juu ya dari. Ukiiona chupa yenye vumbi, usiitupe. Fuata mshono wake kwa kidole, kisha umuulize nyanya ilikuwa ikitiwa nini. Andika atakachokujibu, uje nacho shuleni. Daftari nitalinunua mimi.