Viumbe vya Majini: Samaki Gobi na Alama Zake

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika maziwa makubwa matano ya Marekani na Kanada aliingia mgeni ambaye hakumponya mwenyeji. Mgeni huyo ni samaki mdogo aitwaye gobi mviringo, ambaye asili yake ni Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Alionekana huko kwa mara ya kwanza mwaka 1990, katika Mto St. Clair, baada ya kusafiri ndani ya maji ya farumi, yaani maji yapakiwayo melini ili chombo kisiyumbe. Kabla ya mwaka 2000 alikwisha enea katika maziwa yote matano.

Gobi hula mayai ya samaki wengine, na huwafukuza wenyeji katika mianya ya mawe wanamotagia. Mmoja wa wenyeji hao ni skalpini, naye kwa bahati mbaya hufanana mno na adui yake. Wote wawili wana kichwa kikubwa, na wote hulala chini kabisa juu ya mawe. Mvuvi asiyejua kuwatofautisha huweza kumwua asiye na hatia na kumwachilia mvamizi.

Basi, alama za gobi ni hizi:

Kwanza, macho yake yametokeza juu ya kichwa kama ya chura, na midomo yake ni minene.

Pili, mwishoni mwa pezi la kwanza la mgongoni pana doa jeusi.

Tatu, mapezi mawili ya tumboni yameungana yakawa moja, mfano wa kikombe, ambalo hulitumia kujibandika juu ya jiwe. Skalpini anayo mawili yaliyoachana.

Alama hii ya tatu ndiyo ya kutegemewa. Rangi hudanganya, kwani dume alindaye mayai hugeuka mweusi mwili mzima, na doa lisionekane vizuri. Pezi la tumboni halibadiliki. Kwa hiyo samaki na ageuzwe kwanza, ndipo ahukumiwe.

Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa sana hasara ya mgeni wa majini. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Mgeni akishaenea ziwani hatoki tena; hufaa atambuliwe mapema, angali mchache.