MGUU UKIVUNJIKA, NANI MCHUKUZI?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga waliposema haya hawakuwa wameuona uwanja wa mpira wa Marekani, ambamo watu 80,000 hukaa kumtazama kijana mmoja akipokea mpira, kijana huyo akaangushwa, na goti lake likapinda upande ambao goti halikuumbwa kupindia. Watu wale huingiwa na huruma ya kweli. Husimama, hulia, hupiga makofi machela ikipita. Kisha mchezo huendelea, saa hutimia, na kila mmoja hurudi kwake kwa miguu yake miwili. Mzigo humbakia mwenyewe.

Leo twapenda kuzungumza na wanachama wenzetu juu ya mzigo huo. Twajua wako watakaouliza: Marekani na sisi, wapi na wapi? Twawaomba wawe na subira. Swali lililomo katika mkasa wa vijana hawa ndilo lile lile ajiulizalo mchumaji wa karafuu aliyeteleza kutoka tawi la juu, na mchukuzi wa bandarini aliyeangukiwa na gunia: mguu wangu ulipokuwa mzima ulikuwa na wenyewe wengi, sasa umevunjika, mbona nimeachiwa peke yangu?

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana si huu mpira wetu wa miguu. Mpira wao una umbo la yai, huchukuliwa mikononi, na kazi ya upande wa pili ni kumwangusha aliyeuchukua kwa nguvu zote za mwili. Wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega, lakini goti halina ngao ya kutosha. Katika nchi ile, vyuo vikuu vina timu zinazopendwa kwa mapenzi makubwa mno, na chuo ndicho mlango wa kuingilia timu za kulipwa. Kijana hasajiliwi katika timu hizo mpaka ipite miaka mitatu tangu alipomaliza skuli. Miaka hiyo huchezea chuo, na kwa muda mrefu ujira wake ulikuwa ni masomo, chakula na malazi. Zaidi ya hayo ilikuwa haramu kupokea.

Sasa tumtazame Marcus Lattimore, kijana wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Katika mwaka wake wa kwanza, 2010, alikimbia na mpira yadi 1,197 na kuufikisha mwisho wa uwanja wa wapinzani mara 17. Jimbo zima likamjua. Oktoba 2011 goti lake la kushoto likaumia, akapasuliwa, akahangaika miezi mingi hadi akarudi uwanjani. Tarehe 27 Oktoba, 2012, siku mbili kabla hajatimiza miaka 21, timu yake ilipocheza na Tennessee katika mji wa Columbia, goti la kulia nalo likatenguka na kano zake zikakatika. Wachezaji wa pande zote mbili waliingia uwanjani wakamzunguka. Timu yake ikashinda 38 kwa 35, na tangu saa ile swali likawa moja tu katika vinywa vya watu: atarudi lini?

Swali hilo ndilo tunaloligombeza leo. Laana halina, lakini lina upungufu mkubwa. Atakayeuliza "atarudi lini?" amekwisha kujihukumia kwamba kurudi kupo, na kwamba kilichobaki ni kuhesabu siku. Waama, daktari mwenyewe hana hesabu hiyo.

Goti limefungwa kwa kano kuu nne: mbili ndani, zimekingamana, na mbili ubavuni. Kano ya ndani ikikatika kwa kawaida haiungi yenyewe. Mpasuaji huchukua kipande cha kano kutoka mahali pengine mwilini, au kutoka kwa maiti, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mfupani, kisha akangoja mwili ukikubali. Kwa kano moja peke yake hungojewa miezi tisa, au mwaka. Zikikatika kadhaa kwa pamoja muda huzidi, na matumaini hupungua. Fauka ya hayo, nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa wa damu uulishao mguu wote wa chini. Goti likitenguka mshipa ule waweza kuchanika, na usiposhughulikiwa katika saa chache mguu wenyewe hupotea. Kando yake hupita mshipa wa fahamu unaouinua unyayo. Huo ukijeruhiwa, mtu huburuta unyayo akitembea. Hukua tena kadiri ya milimita moja kwa siku, na mara nyingine haukui kamwe.

Tutazame basi miguu mitatu, tuone kama yuko awezaye kutabiri.

Mguu wa kwanza ni wa Willis McGahee wa Chuo Kikuu cha Miami. Tarehe 3 Januari, 2003, katika mchezo wa fainali ya vyuo, goti lake la kushoto lilikatika kano tatu. Wengi walimwona amekwisha. Miezi michache baadaye timu ya kulipwa ya Buffalo ilimchagua. Akakaa mwaka mzima bila ya kucheza. Mwaka 2004 akakimbia yadi 1,128, na akaendelea kucheza hadi 2013.

Mguu wa pili ni wa Tyrone Prothro wa Chuo Kikuu cha Alabama. Tarehe 1 Oktoba, 2005, timu yake ikiwa imekwisha kuwaacha mbali Florida katika mchezo uliomalizika 31 kwa 3, aliruka kudaka mpira, akaanguka vibaya, na mifupa yote miwili ya muundi wa kushoto ikavunjika. Alipasuliwa mara baada ya mara. Hakucheza tena maisha yake.

Mguu wa tatu ndio huo wa Lattimore. Alijikaza, akafanya mazoezi usiku na mchana, na mwaka 2013 timu ya San Francisco ikamchagua, goti likiwa bado linauguzwa. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Novemba 2014 akatangaza kwamba anaacha. Hakuwa amecheza hata mchezo mmoja wa timu za kulipwa. Juhudi haikumpungukia, goti ndilo lililokataa.

Basi mwenye akili na azingatie. Watatu hawa wote walikuwa vijana hodari, na wote walipata matibabu ambayo maskini wa dunia hayapati. Mmoja alirudi, wawili hawakurudi. Ikiwa mambo yenyewe ni hivyo, la kuulizwa si "atarudi lini?" bali ni "asiporudi, nani atamchukua?" Swali la kwanza ni la mshabiki. La pili ni la mwananchi.

Na swali hilo la pili limeulizwa zamani sana huko Marekani, likajibiwa kwa ujanja. Mwaka 1953 mahakama kuu ya jimbo la Colorado iliamua kwamba Ernest Nemeth, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Denver aliyeumia mgongo mazoezini, alikuwa mtumishi wa chuo na astahili fidia kama mtumishi mwingine aliyeumia kazini. Vyuo vikashtuka. Ndipo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipolitia nguvu jina jipya: mchezaji asiitwe mchezaji, aitwe "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho miaka mingi, alikiri mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina lile lilibuniwa kwa ajili ya kuikwepa hatari ya fidia. Mwaka 1955 Ray Dennison alikufa kwa jeraha la kichwa alilolipata akiichezea Fort Lewis A&M, katika jimbo lile lile la Colorado. Mjane wake akadai fidia. Mwaka 1957 mahakama ikamnyima.

Tazameni, ndugu zetu, nguvu ya neno moja! Kijana ni yule yule, jasho ni lile lile, viingilio vya uwanjani ni vile vile; lakini kwa kubadilishwa jina, haki imegeuka hisani. Na hisani ina mkono wa kutoa na mkono wa kunyang'anya. Tangu mwaka 1973 msaada wa masomo wa mchezaji uliweza kutolewa kwa mwaka mmoja mmoja tu, na kocha akitaka aurudishe, asipotaka asiurudishe. Aliyevunjika mguu alilala hospitali akihesabu mambo mawili: siku za kupona, na siku za kufukuzwa. Haikuruhusiwa tena kuandika mkataba wa miaka kadhaa mpaka ulipofika mwaka 2012, na mwaka 2015 ndipo mashirikisho matano makubwa ya vyuo yalipokataza kumnyima mchezaji masomo kwa sababu za mchezo.

Wachezaji wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 2014 vijana wa Chuo Kikuu cha Northwestern, wakiongozwa na Kain Colter, walidai kuunda chama cha wafanyakazi, na matibabu ya majeruhi yalikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Afisa wa serikali wa mambo ya kazi akakubali kwamba wao ni wafanyakazi. Aprili mwaka ule wakapiga kura. Kura zikafungiwa, na mwaka 2015 bodi ya kazi ya taifa ikajitoa katika jambo hilo bila ya kulikata. Kura zile hazikuhesabiwa kamwe. Wasomaji wetu hawahitaji kufafanuliwa uchungu wa kura isiyohesabiwa.

Hata hivyo kelele hazikupotea bure. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vilitakiwa kuwagharimia matibabu walioumia mchezoni hadi miaka miwili baada ya kuondoka, na NCAA ikaanzisha bima ya majeruhi kwa muda kama huo. Juni 2025 mahakama ilipitisha mapatano ya kuviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji fedha taslimu, kima cha juu kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Twayapongeza hayo. Lakini miaka miwili ni nini katika umri wa goti? Kijana wa miaka 22 aliyekatika kano zote, gegedu la goti lake litasagika taratibu, na maumivu makubwa yaweza kumfikia akiwa na miaka 40, ana mke na watoto, na makofi yamekwisha sahauliwa. Siku hiyo atabisha hodi kwa nani?

Wako watakaotujibu kwamba vijana hawa wamechagua wenyewe, hawakulazimishwa. Hoja hii twaijua, na si ya Marekani peke yake. Hata mpanda mkarafuu hukwea kwa hiari yake. Lakini karafuu akishazichuma, huziuza mwengine. Penye faida ya watu wengi, hasara haiwi ya mtu mmoja. Aliyeshiriki kula embe na ashiriki kuokota kokwa.

Wako pia watakaosema kwamba vyuo vingine huwatazama vizuri majeruhi wao. Kweli. Lattimore mwenyewe aliajiriwa na chuo chake mwaka 2018, awalee wachezaji vijana, na jambo hilo lawafaa sifa. Lakini twauliza: je, yule mchezaji wa akiba, ambaye jina lake halikuimbwa na mtu, aliyevunjika mguu ule ule katika mazoezi ya siku ya Jumanne, pasipo watu 80,000 wa kumlilia, naye atakumbukwa? Hisani humfuata mwenye jina. Haki hulingana kwa mwenye jina na asiye na jina, na ndiyo sababu sisi twaitaka haki iandikwe.

Iandikwe kwamba aliyeumia akitumikia atibiwe mpaka apone au mpaka afe, si mpaka tarehe fulani. Iandikwe kwamba masomo aliyoahidiwa atayamaliza, awe anakimbia au anachechemea. Iandikwe kwamba daktari atakayesema "huyu yu tayari" asiwe yule anayelipwa na mwenye haja ya kumrudisha uwanjani. Na juu ya yote, kijana mwenyewe apewe ruhusa ya kusema "basi" bila ya kuitwa mwoga. Lattimore aliposema "basi", akiwa na miaka 23, wengi walihuzunika kwa kuukosa mchezo wake. Sisi twaona siku ile mguu wake ulirudi kuwa wake.

Ndugu wanachama, kila mmoja wetu ana jirani aliyewahi kubebwa juu ya mabega siku ya ushindi. Hatukatazi kumshangilia. Twasema tu kwamba mabega yaliyombeba alipokuwa mzima ndiyo yaliyowajibika kumbeba alipovunjika. Twende tukamtazame, tuingie ndani, tukae; na tusimwulize atarudi lini. Tumwulize anahitaji nini.