Rangi moja, maana moja

Fimbo nyeupe ya wasioona ni kifaa ambacho rangi yake imekubalika karibu dunia nzima. Mwaka 1921 James Biggs wa Bristol, Uingereza, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Nchi nyingi huongeza mikanda myekundu kwenye fimbo ya asiyeona wala kusikia. Lakini huku Bunda, barabara ya Mwanza–Sirari inapita mjini, na bodaboda asiyejua maana ya mikanda hiyo atapiga honi akitegemea kupishwa. Oktoba 14 tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, Butiama. Kesho yake ni Siku ya Fimbo Nyeupe. Viongozi wa bodaboda Musoma na Bunda, zitumieni siku hizo kuwafundisha wenzenu. Rangi isiyoeleweka barabarani haimlindi mtu.