PCB za kuagiza: tatizo siyo bei, tatizo ni kuagiza kila mtu kivyake

Najua nimepotea wiki kadhaa. Prezentesheni za project zilinimeza, na ndizo zilizonifanya nikae leo kuandika haya.

Mnakumbuka lile kundi la geti la kujifungua? Saketi yao ilikuwa juu ya bredibodi, nyaya zimesokotana kama tambi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe ilifanya kazi safi, nusu ya hosteli tuliiona. Asubuhi wakaipakata kwenye bodaboda, kufika mbele ya walimu... kimya. Waya mmoja ulichomoka njiani na hakuna aliyejua ni upi. Wale jamaa waliandika programu yao wenyewe na kila rizista waliipigia hesabu. Wakapata alama chini ya kundi jingine (silitaji) ambalo wote tunajua lilinunua kifaa kizima kwa fundi mjini, kikiwa ndani ya boksi zuri. Hapo ndipo paliponiuma.

Sasa ukiwaambia watu waagize PCB, jibu ni moja: "Boom lenyewe halitoshi, wewe unaongelea China!" Jamani, hebu tupige hesabu vizuri. Kiwanda kama JLCPCB cha China kwa miaka kadhaa kimekuwa kikitoa vibao 5 vya safu mbili, sentimita 10 kwa 10, kwa dola 2. Ni kama elfu tano yetu. Chips mayai na soda zinakaribia hapo. Kinachoua ni usafiri. Mimi mara ya kwanza nilipojaza anwani ya Dar nikachagua ile ya haraka, usafiri ukaja zaidi ya mara kumi ya bei ya vibao. Nilifunga kompyuta nikaenda kulala.

Ila kwanza tuelewe kwa nini kibao chenyewe ni rahisi, maana wengi wanadhani ni feki. Siyo feki. Kiwanda hakitengenezi kibao chako peke yake. Kinachukua michoro ya watu kibao, kinaipanga kwenye bamba moja kubwa, kinatoboa, kinapaka shaba, kinakwangua na kupiga rangi vyote kwa mpigo, halafu kinakata. Gharama ya kuandaa mitambo inagawanywa kwa wote. Ni daladala: gari linajaa, kila mtu analipa nauli yake. Ukitaka kitu cha peke yako, safu nyingi, unene usio wa kawaida, umekodi teksi. Ndiyo maana ukizidisha zile sentimita 10 hata kidogo tu bei inaruka. Rafiki yangu mmoja mchoro wake ulikuwa na milimita 102. Milimita mbili! Alikaa usiku mzima anasogeza kapasita.

Na ujanja huu wa kujazana haukuanzia viwandani tu. OSH Park ya Marekani, wale wa vibao vya zambarau, ilitokana na watu wa Portland wa kikundi cha DorkbotPDX waliokuwa wanakusanya michoro yao na kuagiza kwa pamoja. SparkFun nao walikuwa na BatchPCB kwa mtindo huohuo, ambayo mwaka 2013 ilikabidhiwa kwa OSH Park. Watu wenye kipato kuliko sisi walichangishana. Sisi ambao tunachangishana harusi, msiba na mpaka keki ya bethidei ya mtu tusiyemjua vizuri, kwenye PCB kila mtu kivyake. Kwa nini?

Hesabu ya uzito ndiyo iliyonifungua macho. Kibao cha sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 1.6, kina uzito wa gramu kama 30. Kwa hiyo kilo moja ni vibao zaidi ya thelathini! Na wafanyabiashara wa Kariakoo kila siku wanaleta mizigo kwa mawakala wenye maghala Guangzhou, kwa ndege, unalipa kwa kilo. Muuza vipodozi anautumia mfumo huu, sisi wahandisi watarajiwa tunaulizana njia. Cha kufanya, kabla hujalipa uliza kiwanda kama kinapeleka mzigo kwenye ghala la wakala, na uliza wakala bei yake inajumuisha nini mpaka unaupokea mkononi. Inachelewa kuliko ile ya haraka, hilo sikatai. Lakini project tunapewa mwanzo wa mwaka, tunaanza kukimbizana mwishoni. Hapo tusiisingizie ndege.

Kuna wanaosema mhandisi wa kweli anachonga kibao mwenyewe. Nimechonga. Unachapa mchoro kwa printa ya leza, unaupiga pasi juu ya shaba, unatumbukiza kwenye ferric chloride, unatoboa matundu moja moja kwa keekee inayovunjika ukikohoa. Shati langu la bluu mpaka leo lina madoa ya kahawia. Fanya mara moja, utaelewa mengi. Lakini safu mbili zilizolingana, matundu yaliyopakwa shaba ndani, kwa pasi ya mama? Na ile dawa ikishatumika ina shaba ndani yake, halafu watu wanaimwaga kwenye sinki la kufulia.

Sasa niseme na aibu yangu. Vibao vyangu vya kwanza, vya kuwasha pampu ya tenki la maji nyumbani, vilifika vizuri, vinang'aa kijani. Rilei haikuingia. Nilichukua umbo lake kwenye maktaba ya programu bila kupima rilei niliyokuwa nayo mezani. Vibao vitano, vyote vibovu kwa namna ileile, na kiwanda hakina kosa, kilitengeneza nilichochora. Mzee aliuliza, "Sasa hivi vitano ni vya nini, baba?" Nikakosa jibu. Tangu hapo nachapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, nachomeka vifaa vyangu juu ya karatasi. Karatasi ni shilingi mia. Angalieni na transista: BC547 na 2N3904 zinafanana sura lakini miguu ya pembeni imebadilishana. Muuzaji atakupa yoyote, atakwambia "hii ni ileile".

Programu tumieni KiCad. Ni bure kabisa, aliianzisha Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, na CERN waliingia kuisaidia mwaka 2013. Bado kuna wanaofundishwa EAGLE, wakati Autodesk walishatangaza mwaka 2023 kwamba inafikia mwisho Juni 2026. Ukimaliza kuchora toa faili za Gerber na zile za matundu, zifungue tena uzitazame kwa macho yako, ndipo uzipe mtu.

Basi bwana, mimi naanza. Tuko watu wanne mpaka sasa, nahitaji wafike kumi. Nakusanya michoro mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kwenye ile meza ya nyuma ya maktaba yenye soketi inayofanya kazi. Njoo na flashi, karatasi uliyochapa ikiwa imetobolewa, na mchango wako taslimu. Kundi la geti mje hata kama hamna hela, tutaongea.