Bundi wa Msitu wa Sokoke

Mtu wa Rabai hana haja ya kufundishwa adabu ya msituni. Tangu utoto wake ameambiwa kwamba kaya si mahali pa kukata kuni wala pa kupigia kelele, na kwamba mgeni haingii ila kwa idhini ya wazee. Kwa adabu hiyo makaya ya Rabai yamesimama hata leo, na mwaka 2008 UNESCO iliyatia, pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mtu huyo akipata siku mbili za mapumziko, si lazima ateremke Mombasa kutazama maduka. Na apande gari la Kaloleni, apite Mavueni na Kilifi, kisha ashike barabara ya Malindi mpaka karibu na Gede. Hapo ndipo ulipo msitu wa Arabuko-Sokoke.

Ukubwa wake ni kilomita za mraba 420 hivi. Mwaka 1943 ulitangazwa kuwa msitu wa Serikali, na baadaye kipande chake kidogo kikafanywa mbuga ya taifa. Atakayekwenda akitumaini kuona simba atarudi na huzuni. Ndovu wamo, lakini ni vigumu kuwaona, na kwa ajili yao haifai mtu kutembea bila mwongozaji. Waongozaji ni wenyeji wa vijiji vya jirani, nao hupenda safari ianze alfajiri, kabla jua halijakuwa kali na ndege kunyamaza.

Msitu wenyewe si wa namna moja. Penye mchanga mweupe imeota mirihi, miti mirefu iliyoachana, mwanga ukipita katikati yake. Huko juu huruka makundi ya ndege waliochanganyika, na miongoni mwao huonekana mnana wa Clarke, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1913. Ndege huyu haonekani popote duniani ila katika nchi ya Kilifi. Hata hivyo watu walitafuta kiota chake miaka mingi bila kukipata, mpaka mwaka 2013 viota vilipoonekana Dakatcha, kaskazini ya hapo. Chini ya miti pengine hupita sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na mgongo wa nyuma wa rangi ya dhahabu. Husikika akichakura majani kabla hajaonekana.

Penye udongo mwekundu miti ni mifupi na imesongamana, na mtu hupita kwa kuinama. Huko hulala mchana bundi wa Sokoke. Hazidi shibiri moja kwa urefu, na rangi yake hufanana na majani makavu, hata mgeni huweza kusimama hatua chache tu karibu naye asimwone mpaka aonyeshwe kwa kidole. Alinaswa mara ya kwanza mwaka 1965, na mbali na nchi ya Kilifi hajulikani ila katika milima ya Usambara, Tanganyika ya zamani. Wazee wengi wa pwani hawampendi bundi, kwa kuwa akilia juu ya nyumba husemwa kwamba ameleta habari ya kifo. Lakini huyu hajengi karibu na nyumba ya mtu. Msitu ukikatwa hana pa kuhamia.

Majirani wa msitu nao wana maneno yao, na si maneno ya kupuuzwa. Ardhi ni haba, watoto ni wengi, na fito za kujengea zimo ng'ambo ya mpaka wasioruhusiwa kuuvuka. Tangu mwaka 1993 baadhi yao hufuga viwavi vya vipepeo, na mabuu yake huuzwa nchi za ng'ambo kwa mradi wa Kipepeo ulioko Gede. Fedha hizo huwasaidia wanaofuga. Lakini aliyeliwa mahindi na ndovu usiku mmoja hafidiwi na kipepeo.

Mgeni akikaa hadi giza liingie, atamsikia bundi akiita: mbinja fupi, moja baada ya moja, kama mtu agongaye chuma taratibu. Na upepo ukivuma kutoka upande wa mashamba, pengine atasikia pia debe likipigwa, mwenye shamba akiwafukuza ndovu.