Mpe Mgeni Jembe

Wahenga walituusia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Nasi aghalabu huitamka methali hiyo kana kwamba ni hila ya kumchosha mgeni apate kuondoka, ilhali mkulima yeyote wa pamba na muhogo hapa Bunda ajua kwamba jembe hapewi mtu asiye na mahali pa kulima. Akupaye jembe amekwisha kukukatia shamba, na aliyekatiwa shamba si mgeni tena.

Hayo yamethibitika katika nchi yetu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakagawiwa ardhi, wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, hata wakajilisha kwa jasho lao. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, jirani zetu, alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa hisani aliyowafanyia wakimbizi. Na mwaka 2014 Warundi wale na wazao wao, zaidi ya 160,000, wakaanza kupokea vyeti vya uraia.

Walakini serikali hutoa cheti. Ujirani hutolewa na jirani. Kwetu msiba ukitokea, akina mama huja na kuni na ndoo za maji vichwani, wanaume hushika sururu na koleo kwenda kuchimba kaburi, na penye turubai huketi mtu mwenye daftari, akiandika jina la kila aliyetoa rambirambi, hata iwe shilingi mia tano. Mkimbizi ambaye jina lake halimo daftarini humo, ajapolishwa mwaka mzima, angali mpita njia. Bali siku aambiwapo, "Jirani, pokea koleo, mwenzio amechoka," hapo ndipo ajuapo kwamba naye akifiwa hatazika peke yake.

Wako wasemao kwamba ardhi imepungua na wageni huleta shari. Hofu hiyo haifai kudharauliwa; lakini aliyetengwa hana cha kukilinda mtaani, na mwenye shamba, kaburi na rafiki ana sababu tatu za kuitakia kheri nchi anayokaa.

Basi shime, ndugu zangu! Aliyekimbilia kwetu tusingoje azoee ndipo tumwite. Tumwite apate kuzoea. Na msiba wa kwanza utakaotufika, jina lake na liandikwe.