Hofu ya ugonjwa peke yake haitoshi kueleza tulivyotendewa Waafrika Guangzhou
Nilikuwa Guangzhou, China, Aprili 2020, wakati wa korona, mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hufikia. Kodi nilishalipa, na sikuwa nimetoka nje ya China mwaka ule. Mwenye nyumba akaja na watu wawili, akatutaka tuondoke usiku uleule. Mabegi na marobota ya nguo yaliyokuwa yanasubiri kontena la Dar yakatupwa kando ya barabara. Hotelini tulikataliwa kabla hata ya kutoa pasipoti. Waafrika wengi walilala nje siku zile. Mabalozi wetu waliandika barua ya malalamiko, na walifanya vyema.

Lakini kilichoniuma zaidi ni yule mama wa duka la chini. Siku zote akiniuzia maji na vocha, akiniuliza hali ya watoto nyumbani. Asubuhi ile aliniona nakuja, akafunga mlango. Huyo hakutumwa na serikali. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema ilikuwa hofu ya korona tu: Wazungu waliopanga jengo lilelile hawakuguswa.